Ibn Battuta na mgeni aliyelala stendi

 

Ndugu msomaji, wiki ile nilikuwa nimewasomesha wanafunzi wangu somo la watu wanaostahiki kupewa zaka. Tulipofika kwa yule wa nane, yaani msafiri aliyeharibikiwa, nilieleza kwa kirefu, nikaandika ubaoni na wanafunzi wakanakili. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, baada ya sala ya Isha katika msikiti wa mtaani kwetu, kijana mmoja alibaki amekaa kwenye nguzo na begi lake. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kongo. Alitusalimia, tukaitikia, kisha tukaendelea na mazungumzo yetu kuhusu ukarabati wa madrasa. Muda wa kufunga ulipofika muadhini alizima taa. Yule kijana akatoka, nasi tukatoka. Mimi nilimwona, na sikumwuliza anakwenda wapi.

Asubuhi tulipata habari kwamba alilala stendi ya mabasi, na usiku huo begi lake lenye hati zake za safari likaibwa. Muadhini alipokwenda kumtafuta aliambiwa kuwa ameshaondoka. Dereva mmoja wa lori alimhurumia, akampakia.

Kamati ya msikiti ilipokutana, jambo hili lilizua mjadala mkali. Wapo waliosema ni aibu mgeni kulala nje huku nyumba ya Mwenyezi Mungu ikiwa tupu. Wengine wakasema dunia imeharibika. Humjui mtu ametoka wapi, anaweza kuwa mwizi au mhalifu anayetafutwa, na kesho ni sisi tutakaohojiwa. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na mimi mwalimu nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu.

Niliporudi nyumbani nilikichukua tena kitabu cha safari za Ibn Battuta. Chuo kikuu nilikisoma ili nifaulu mtihani. Safari hii nilikisoma nikiwa na swali moja tu: mtu huyu alizunguka nchi za watu kwa karibu miaka 30, katika zama zisizo na polisi wa mipakani, benki wala simu. Je, alisalimika vipi? Niliyoyapata ndiyo ninayotaka kukushirikisha leo, inshaallah.

Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier, nchini Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304. Familia yake ilikuwa ya Kiberberi, ya kabila la Lawata, na ilitoa makadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Mwezi wa Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake wawili na kuondoka kwenda kuhiji. Alitoka peke yake, bila ya mwenzi wala msafara.

Upweke huo haukudumu. Alipofika Tlemcen alisikia kuwa wajumbe wawili wa mfalme wa Tunis wametangulia, akawafuata na kuungana nao. Mmoja wao aliugua na kufariki njiani. Ibn Battuta akaendelea na wafanyabiashara, na mmoja wa hao naye akafariki. Marehemu huyo alikuwa ameacha dinari 3,000 za dhahabu zipelekwe kwa warithi wake Tunis, lakini mtawala wa Bijaya alipopata habari alizichukua. Huu ulikuwa udhalimu wa kwanza kijana wetu kuushuhudia ugenini: mtu afe safarini, mali yake igeuke ya mkubwa wa mji.

Hapo Bijaya yeye mwenyewe alishikwa na homa kali. Wenzake walimshauri abaki mpaka apone. Alikataa, akisema kama ajali yake imefika basi imkute akiwa ameielekea ardhi ya Hijaz. Njia ya mbele ilikuwa na wanyang'anyi, hivyo aliuza mnyama wake na mizigo mizito, na mwenzake mmoja akamwazima mnyama mwingine na hema ili wasafiri kwa wepesi. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba alijifunga kwenye tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka.

Kisha wakaingia Tunis. Watu wa mji walitoka kuupokea msafara, kila mmoja akimlaki ndugu au rafiki yake, wakikumbatiana na kuulizana habari. Hakuna hata mmoja aliyemsalimia Ibn Battuta, kwani hakuna aliyemjua. Kijana huyu ambaye homa na wanyang'anyi hawakumtoa machozi, hapo alilia. Mtu mmoja katika wale mahujaji aliiona hali yake, akamwendea, akamsalimia na kumzungumzisha mpaka wakaingia mjini, akapata pa kulala katika madrasa moja.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilimkumbuka yule kijana kwenye nguzo.

Tunis palikuwa mahali pa mageuzi katika maisha yake. Msafara wa mahujaji ulipokuwa tayari kuondoka, walimteua kuwa kadhi wao. Tokea hapo hakuingia tena mji kama mtu asiye na jina. Kila alipofika aliulizia kadhi, au imamu, au zawiya ya masheikh, akajitambulisha kuwa ni faqihi na kueleza anatoka wapi na anakwenda wapi. Elimu aliyorithi nyumbani ndiyo iliyokuwa pasipoti yake.

Lakini pasipoti haina faida kama hakuna anayeisoma. Nchi za Waislamu za wakati ule zilikuwa zimeweka utaratibu wa kumpokea msafiri. Alipofika Damascus mwaka 1326 alikuta waqfu za namna nyingi: za kuwagharamia wasioweza kwenda Hija, za kuwakomboa mateka, na za wasafiri, ambao walipewa chakula, nguo na nauli ya kuwarudisha kwao. Anasimulia kuwa siku moja alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya kaure ya Kichina ikavunjika. Watu wakamwambia avikusanye vipande na kuvipeleka kwa msimamizi wa waqfu wa vyombo, naye akapewa fedha za kununua nyingine ili asipigwe na bwana wake. Jamii iliyokumbuka hata chombo kilichovunjika mikononi mwa mtoto haikumsahau msafiri.

Mwaka 1331, baada ya kuhiji na kukaa Makka, alipanda chombo kuja pwani yetu. Utaratibu alioukuta Mogadishu unastahiki mazingatio. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tokea hapo mgeni hakufikia kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyesimamia uuzaji na ununuzi wake. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia bila ya mwenyeji kuwepo, biashara yake ilibatilika. Ibn Battuta walipoambiwa ni faqihi na si mfanyabiashara, aliyekuja kumpokea ni kadhi mwenyewe.

Mombasa alikaa usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kwa dini na wema, na akaona kuwa kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima, na mtu huosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Kutoka hapo alikwenda Kilwa, kwa Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya baba wa vipawa kwa ukarimu wake. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani huyo njiani na kumwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akabadilisha nguo, akampa zile alizoombwa. Ndugu zangu wa pwani na bara, hizi ni habari za kwetu.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Katika zawadi alizopewa fakiri yule baadaye mlikuwa na watumwa. Ibn Battuta mwenyewe alinunua, aliuza na kuzawadia watu, na mwishoni mwa safari zake alivuka jangwa pamoja na msafara uliokuwa na wajakazi 600. Watu hao nao walikuwa wasafiri katika nchi za kigeni, ila hapakuwa na aliyewalaki na sahani ya chakula. Aidha, alioa na kuacha katika nchi nyingi, na akaacha watoto nyuma yake. Simsimulii hapa kama mtu asiye na kasoro. Na wanahistoria wameonesha kuwa baadhi ya maelezo katika kitabu chake, hasa ya Sham na Hijaz, yalichukuliwa kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr, na wapo wanaotilia shaka baadhi ya miji anayodai kuifika. Pamoja na hayo, kwa ujumla msomi hawezi kuandika historia ya karne ile bila ya kumtegemea.

Tuendelee. Baada ya Kilwa alirudi Arabuni, kisha akaelekea nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko hakujua lugha. Alipokuwa akiingia mji wa Ladhiq, unaoitwa leo Denizli, watu walitoka madukani, wakamshikia hatamu za farasi yeye na wenzake. Kundi jingine likaja, wakaanza kugombana, hata baadhi yao wakachomoa visu. Ibn Battuta aliamini kuwa hawa ndio wanyang'anyi aliohadharishwa nao, na kwamba leo mwisho wake umefika. Mwenyezi Mungu akamleta haji mmoja anayejua Kiarabu. Kumbe yalikuwa makundi mawili ya vijana mafundi, waliokuwa wakikusanya mapato yao ya kila siku kwa ajili ya kuwalisha wageni, na ugomvi wao ulikuwa ni nani atakayekaa na mgeni! Wakapiga kura ili kuumaliza.

Najua msomaji utacheka, nami nilicheka. Lakini kuna funzo. Mgeni asiyejua lugha humdhania vibaya mwenyeji, na mwenyeji asiyejua lugha humdhania vibaya mgeni. Mtu mmoja wa kutafsiri anatosha kuzuia damu isimwagike.

Mwaka 1333 alifika India, ambako Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi wa Delhi na mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Mtu angedhani sasa yuko salama kabisa. La hasha! Alikuja kumzuru sheikh mmoja aliyekuwa amechukiwa na sultani, na kwa ziara hiyo tu akawekewa walinzi. Alifunga na kukithirisha dhikri akingojea kuuawa. Sheikh yule aliuawa, yeye akaachiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1340 sultani alimtuma kuwa balozi China. Karibu na mji wa Koil, unaoitwa leo Aligarh, palitokea mapigano, akatengana na wenzake. Waasi walimkamata, wakampora na kuamua kumuua, kisha mmoja akamwonea huruma na kumwachia. Alitangatanga siku kadhaa akinywa maji ya visima na kula majani. Nguvu zilipokwisha, alitokea mtu mweusi aliyebeba mtungi na fimbo, akamtolea salamu, akampa dengu na wali, kisha akambeba mabegani mpaka akalala usingizi. Alipozinduka alikuwa kwenye kijiji chenye mtawala Mwislamu, na yule mtu hayupo. Kitu cha mwanzo walichofanya watu wawili hawa walipokutana porini kilikuwa kusalimiana na kuulizana jina.

Misukosuko haikuishia hapo. Calicut alibaki nchi kavu ili aisali Ijumaa, na dhoruba ikavunja merikebu iliyobeba zawadi za sultani. Baadaye maharamia walimpora baharini mpaka nguo za mwilini, wakamwachia suruali tu. Baina ya misiba hiyo alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldives.

Hatimaye kitabu chake kinatueleza habari za China, ambayo aliisifu kuwa nchi yenye usalama mkubwa kuliko zote kwa msafiri. Si kwa sababu watu wake walikuwa malaika, bali kwa sababu ya utaratibu. Kwenye kila kituo cha njiani palikuwa na nyumba ya wageni na ofisa wake. Usiku ofisa aliandika majina ya wote waliolala na kufunga mlango. Asubuhi aliwaita mmoja mmoja kwa jina, akawaandikia, na kumtuma mtu awasindikize mpaka kituo kinachofuata, kisha arudi na hati ya kuthibitisha kuwa wote wamefika.

Nilipofika hapo nilipata jibu la mjadala wetu wa kamati. Sisi tulidhani kuna njia mbili: ama ukarimu, ama tahadhari. Ama umfungulie mgeni, ama ujilinde naye. Mogadishu na China hazikuona hivyo. Sahani ya chakula ya Mogadishu ilikuwa ukarimu, na papo hapo ilikuwa dhamana: mji mzima ulijua mgeni huyu yuko kwa nani. Daftari la China lilikuwa tahadhari, na papo hapo lilikuwa ulinzi wa mgeni: akipotea, kuna atakayeuliza. Mgeni asiyejulikana na yeyote ndiye anayeweza kudhuru, na ni huyo huyo anayeweza kudhuriwa bila ya mtu kujua. Dawa ya hatari zote mbili ni moja, nayo ni kumjua.

Aliporejea magharibi mwaka 1348 alikuta tauni inamaliza watu. Damascus aliambiwa kuwa baba yake alifariki miaka 15 nyuma, na kwamba mtoto aliyemwacha mji huo naye alikwishafariki miaka mingi iliyopita. Akiwa karibu kufika kwao mwaka 1349 akapewa habari kuwa mama yake amekufa kwa tauni. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi. Ndiyo gharama ya safari ndefu, na vijana wetu wanaokwenda nchi za Ghuba na kwingineko kutafuta riziki wailewe kabla hawajapanda ndege, wawasiliane na wazazi wao wakiwa hai.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mali, mwaka 1352 hadi 1353. Ndani ya Sahara msafiri mmoja aligombana na jamaa yake, akabaki nyuma ya msafara kwa hasira, akapotea moja kwa moja. Tokea siku hiyo Ibn Battuta hakuutangulia msafara wala hakubaki nyuma yake. Alipofika kwa mfalme wa Mali alililalamikia dogo alilokirimiwa, mikate mitatu, kipande cha nyama na maziwa mgando, na hapo tunamwona mgeni aliyezoea kuenziwa kupita kiasi. Lakini aliwapa watu wa Mali haki yao: nchini kwao msafiri hakumwogopa mnyang'anyi, na mgeni akifa, hata mali yake iwe nyingi kiasi gani, iliwekwa kwa mtu mwaminifu mpaka mwenye haki aje kuichukua. Linganisha na yale ya Bijaya mwanzoni mwa safari yake.

Aliporudi, sultani wa Morocco aliamuru habari zake ziandikwe. Alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy, na kazi hiyo ikamalizika Desemba 1355. Kisha alirudia kazi ya ukadhi katika mji mmoja wa Morocco mpaka alipofariki, mwaka 1368 au 1369. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Ndugu msomaji, kwa anayesafiri mazingatio ni haya: asitengane na wenzake, asione haya kuwaendea watu wa dini na wa serikali wa mji kujitambulisha, asiwe mwepesi wa kudhania vibaya, na afuate ada za wenyeji. Lakini karibu kila aliposalimika Ibn Battuta palikuwa na mtu mwingine aliyeinuka na kumwendea. Werevu wake peke yake usingemfikisha hata Tunis.

Nilirudi kwenye kamati na maneno haya. Tuliyoafikiana ni machache. Chumba kilichokuwa stoo ya madrasa kimefagiliwa, pana mkeka, chandarua na ndoo ya maji. Limenunuliwa daftari: jina la mgeni, atokako, aendako, na jina la mwenyeji wake katika sisi kwa usiku huo. Mwenyekiti wa mtaa anajulishwa. Kila wiki mmoja wetu ana zamu ya kubaki baada ya Isha na kumwendea kila asiyemfahamu. Wale waliokuwa na hofu ndio waliokuwa wa mwanzo kuchangia fedha za daftari.

Wameshalala humo wageni kadhaa, na majina yao yameandikwa. Jina la yule kijana wa Kongo halimo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza. Namwomba Mwenyezi Mungu amfikishe kwao salama, na atughufirie.

Wabillahi tawfiq.